Shajara ya mradi: kumjenga kulungu mkubwa wa Ireland

11 Januari

Kazi imeanza. Tunamjenga dume wa Megaloceros giganteus, kulungu mkubwa wa kale: kichwa, shingo na mabega, kwa ukubwa wake halisi. Atakaa kwenye ukumbi tunaofundishia watoto wetu Kiswahili kila Jumamosi hapa Dublin. Watoto hawa wamezaliwa huku, na mifupa ya mnyama huyu imelala chini ya ardhi wanayoikanyaga kila siku. Nataka wamfahamu kwa lugha ya nyumbani, wamguse, wapite chini ya pembe zake.

Kwa msomaji aliyeko Tanga au Nakuru ambaye hajawahi kumsikia, nianze na pembe, maana asiyezielewa pembe hizi hatauelewa mradi. Swala, pofu, nyati, hata kulungu wa misitu ya kwetu, wote wana pembe za kudumu: ndani mfupa, juu yake ala ngumu ya kitu kile kile kinachofanya kucha na kwato. Mnyama akishaota pembe hizo, ndizo atakazokufa nazo. Jamii ya kulungu wa Ulaya na Asia ni habari nyingine kabisa. Pembe zao ni mfupa mtupu wenye matawi, karibu katika spishi zote huota kwa madume peke yao, na kila mwaka hudondoka zote mbili zikaota nyingine.

Sasa mpe desturi hiyo mnyama mwenye kimo cha mita 2 na ushei begani. Pembe za madume wakubwa kabisa zilifika mita 3.65 kutoka ncha hadi ncha, na jozi kubwa ilikaribia kilo 40. Pofu dume aliyekomaa anaweza kumzidi kulungu huyu kwa uzito wa mwili, lakini hana mzigo wa namna hiyo kichwani, wala hautupi na kuujenga tena kila mwaka.

Megaloceros giganteus aliishi kuanzia Ireland hadi upande wa Ziwa Baikal, Siberia. Jina la Ireland limemganda kwa sababu ni hapa ambapo mifupa yake imepatikana kwa wingi na ikiwa mizima.

Tulio kazini ni mimi, mzee mmoja fundi wa kuchomelea aliyestaafu ambaye watoto wote wanamwita Babu, akina mama wawili hodari wa karatasi na gundi, na watoto wenyewe.

25 Januari

Vipimo. Jumba la makumbusho ya viumbe la Merrion Street, lililofunguliwa mwaka 1857, limefungwa kwa ukarabati. Kwa miaka mingi mifupa mitatu ya kulungu hawa, madume wawili na jike mmoja, ndiyo iliyompokea mgeni akiingia tu. Kwa hiyo tunategemea picha nilizopiga kabla halijafungwa, pamoja na vipimo vilivyochapishwa na wataalamu.

Tumekubaliana upana wa mita 3. Ile 3.65 ni ya mabingwa, na mimi namtaka dume wa kawaida aliyeshiba vizuri. Hata hivyo mita 3 haziingii mlangoni. Babu akapendekeza kila pembe ifungwe kwa boliti ili itoke peke yake, na mahali alipopachagua ndipo penyewe: kwenye paji la fuvu hutokea vishina viwili vifupi vya mfupa, na juu ya kila kishina kuna mviringo wenye vinundunundu ambapo pembe huanzia. Baridi inapoelekea kwisha, mwili huanza kuumumunya mfupa kwenye mstari huo, mpaka pembe inaachia na kuanguka. Boliti zetu zitakaa kwenye mstari huo huo, na mtoto atakayemwona Babu akizifungua atakuwa ameona jambo la kweli.

Umbo la pembe yenyewe: inatoka ikiwa shina la mviringo, inakwenda pembeni, halafu inatanuka kuwa kiganja kikubwa bapa chenye matawi yaliyochongoka kwenye kingo. Karibu na shina kuna tawi moja dogo linalotazama mbele, juu ya jicho. Nililokaa nalo muda mrefu kwenye mchoro ni mwelekeo wa kiganja. Kulungu madoadoa wa Ulaya, wa jenasi Dama, akitaka mwenzake azione pembe zake vizuri hugeuza kichwa upande. Huyu wetu hakuwa na haja hiyo. Akisimama na kutazama mbele, viganja vyote viwili vinamkabili aliye mbele yake. Stephen Jay Gould, mwanapaleontolojia wa Marekani aliyezunguka akipima mafuvu na pembe hizi na kuchapisha matokeo mwaka 1974, alilipa jambo hilo uzito mkubwa: pembe zilizopangwa hivyo ni za kutazamwa. Kwa hiyo sanamu yetu itamtazama anayeingia uso kwa uso, na viganja vitafunguka kuelekea mlangoni.

8 Februari

Leo hatukugusa nyundo. Tuliwapeleka watoto Ballybetagh, kusini ya Dublin, milima inapoanzia. Asiyeambiwa atapita bila kusimama, kwa maana macho hayaoni kitu zaidi ya nyasi ndefu na maji. Lakini bonde hilo dogo limetoa mifupa ya kulungu wakubwa zaidi ya 100.

Niliwachorea matabaka kwa kijiti kwenye tope. Juu kabisa ni mboji nyeusi ya kinamasi, ile ambayo Waireland wameikata kwa vizazi, wakaikausha na kuichoma kama kuni. Wengi hudhani kulungu wamo ndani ya mboji. Hawamo. Wako chini yake, kwenye matope ya ziwa lililokuwapo kabla kinamasi hakijazaliwa. Mtaalamu wa mimea kutoka Denmark, Knud Jessen, pamoja na mwenzake Farrington, walichapisha mwaka 1938 uchunguzi wao wa chavua na mabaki ya mimea ya hapa. Chini kabisa kuna udongo wa mfinyanzi ulioachwa barafu ilipoyeyuka. Juu yake kuna tope lenye mabaki mengi ya mimea, la wakati ambapo joto lilirudi na nyasi zikatanda. Humo ndimo walimo kulungu. Juu ya tope hilo udongo wa mfinyanzi unarudi tena, safari hii na majani ya mimea midogo midogo inayoota leo kwenye nchi za baridi kali. Ndipo inakuja mboji.

Nilitaka sana walione lile tabaka la kati lilivyo jembamba. Neema yote ya kulungu wakubwa wa Ireland, tangu karibu miaka 13,500 iliyopita hadi miaka 12,900 hivi, imo mle. Baridi iliyofuata ilishika nchi kwa zaidi ya miaka 1,000, na ilipoondoka hapa hapakuwa tena na kulungu mkubwa hata mmoja.

Binti mmoja akauliza, "Mjomba, kwa nini wote ni madume? Mama zao walikuwa wapi?" Swali zuri kuliko nililokuwa nimeandaa. Anthony Barnosky aliyechunguza mifupa ya Ballybetagh na kuandika mwaka 1985 alikuta karibu wote ni madume, na kwamba walikufa wakati wa baridi. Katika kulungu wengi madume na majike huishi mbalimbali nje ya msimu wa kupandana. Msimu wenyewe ni wa vuli: dume anakaa majuma kadhaa akishindana na wenzake, analala na njaa, anapungua mwili. Baridi inamkuta amekonda. Majike walikuwa wakipitisha baridi kwingine.

Zamani ilisemwa kwamba madume walizama topeni kwa sababu ya uzito wa pembe. Ingekuwa hivyo, tungetegemea walionaswa wawe wale wenye pembe kubwa kuliko wote. Barnosky alikuta kinyume chake: waliokufa Ballybetagh kwa wastani walikuwa wadogo, na pembe zao ndogo. Ni wale wanyonge, walioingia kwenye baridi bila akiba. Niliwaambia watoto hivyo, na nikaona yule binti anatazama maji kwa muda.

22 Februari

Siku kubwa. Babu amemaliza fremu: mabomba ya alumini kwa mashina ya pembe, fito nyembamba kwa matawi, wavu wa kuku kwa viganja, na plaiwudi kwa fuvu. Tuliinua pembe ya kwanza, tukaifunga, tukaleta ya pili. Boliti ya mwisho ilipokazwa, kichwa kizima kilianza kuinama mbele taratibu mpaka pua ikagusa meza. Na pembe zetu hazijafika hata nusu ya uzito wa pembe halisi.

Babu alikuwa hajaambiwa lolote kuhusu mifupa ya mgongo. Alizunguka fremu, akakaa kimya, kisha akachukua kipande cha bomba akakisimamisha wima juu ya mabega. Akapitisha kebo ya chuma kutoka kisogoni, juu ya lile bomba, hadi nyuma ya fremu, akaanza kukaza. Bomba likiwa fupi, kebo ilitaka kuvutwa hadi fremu nzima ikalia. Alipoweka refu zaidi, kichwa kiliinuka kwa mkazo mdogo tu, kikatulia. Pembe zikasimama hewani, mita 3, na watoto wakaanza kupiga makofi.

Ndipo nikamtolea picha za mifupa. Pingili za uti wa mgongo juu ya mabega ya Megaloceros zina miiba mirefu mno inayoelekea juu. Kano nene ya shingo ilitoka kisogoni ikashikamana na miiba hiyo, na misuli ya shingo ikapata pa kushika. Juu yake palikuwa na nundu. Babu akaitazama picha akasema, "Basi ndiyo kazi yake. Mwenye mfuko wa saruji kichwani lazima awe na mlingoti mgongoni."

Tangu tuanze nilikuwa nikiwaza pembe tu, kama wanavyowaza karibu wote wanaomtazama mnyama huyu. Kuanzia leo nundu ndiyo moyo wa sanamu yetu. Pembe zinaonyesha alichobeba. Nundu inaonyesha kwamba mwili wake uliumbwa kukibeba, na ulikibeba vizuri, kizazi baada ya kizazi, katika bara zima.

8 Machi

Karatasi na gundi. Akina mama wamechukua uongozi na mambo yanakwenda kwa utaratibu: magazeti yanachanwa vipande virefu, yanalowekwa kwenye uji wa unga wa ngano na gundi ya mbao, yanalazwa juu ya wavu, moja kwenda juu, lingine kukingama. Tabaka linaachwa likauke mpaka Jumamosi inayofuata.

Ilibidi tuamue ni pembe za mwezi gani. Pembe zinapokua huwa zimevikwa ngozi laini yenye vinyweleo na damu nyingi inayopita, kwa sababu mfupa unajengwa toka nje kwa damu hiyo. Zikishakomaa, mwishoni mwa kiangazi, damu hukatika, ngozi hukauka, na dume hujisugua kwenye miti hadi ibanduke. Tumechagua pembe za vuli, mfupa ukiwa wazi. Lakini damu huacha alama: ukiiangalia pembe halisi kwa karibu utaona mifereji midogo kwenye uso wa kiganja, mahali mishipa ilipokuwa imelala. Mama mmoja akatupa ufumbuzi. Tunalaza uzi wa katani kwenye tabaka la mwisho likiwa bado bichi, tunaubonyeza, halafu tunaunyofoa. Unabaki mfereji mwembamba unaopinda na kugawanyika. Watoto wamefanya kiganja chote cha kushoto, na ndicho sehemu nzuri kuliko zote hadi sasa. Jua la dirishani likikipiga kwa ubavu, unaiona mishipa.

Wakibonyeza nyuzi, niliwaeleza mfupa huo unatoka wapi. Pembe ni kalsiamu na fosforasi, na zote zinatoka kwenye majani. Shida ni muda. Kuanzia masika hadi kiangazi dume anapaswa kujenga mfupa mwingi kuliko chakula cha miezi hiyo kinavyoweza kumpa, hata malisho yawe mazuri namna gani. Basi anajikopa mwenyewe. Mwili wake unachota madini kutoka kwenye mbavu na mifupa mingine, unayapeleka kichwani, na baada ya pembe kukomaa anakula na kulipa deni. Kulungu wa leo wanafanya hivyo hivyo. Ron Moen na wenzake walipiga hesabu za Megaloceros mwaka 1999, wakaonyesha jinsi deni hilo lilivyokuwa kubwa, na jinsi malisho yakidhoofika linavyokuwa halilipiki.

Hapa naona Ireland ilivyomfaa. Sehemu kubwa ya nchi ni miamba ya chokaa, na wakati ule wa joto palikuwa na nyasi na vichaka visivyo na msitu mnene. Huyu alikuwa mnyama wa nchi tajiri.

15 Machi

Kiganja cha kulia kimekamilika. Nundu imejazwa sponji na kuzungushiwa wavu.

Kijana mmoja kauliza kama Afrika ilikuwa nao. Ilikuwa na ndugu yao. Huko Algeria na Morocco aliishi kulungu mkubwa aitwaye Megaceroides algericus, aliyetambulishwa kwa sayansi na Richard Lydekker mwaka 1890 kutokana na mfupa wa taya uliopatikana Algeria. Alikuwa mdogo kuliko wa Ireland, na taya zake zilikuwa nene kupita kawaida. Ametoweka naye. Kulungu wa asili wa jamii hii ya pembe za kudondoka aliyebaki Afrika ni yule wa misitu ya mpakani mwa Algeria na Tunisia; kusini ya Sahara hawakuwahi kufika, na kazi yao kule inafanywa na swala, pofu na kongoni. Kijana akataka tumjenge na wa Algeria. Nimemwambia pembe zake bado hazijulikani vizuri kama hizi, tusubiri.

22 Machi

Msasa siku nzima, vumbi kila mahali. Babu amebadilisha kebo kwa nene zaidi kwa sababu karatasi zimeongeza uzito.

Wakati wa chai nilisimulia habari ya Thomas Molyneux, daktari wa hapa hapa Dublin. Mwaka 1697 aliandika maelezo ya kwanza ya kitaalamu kuhusu pembe hizi, kutokana na jozi iliyofukuliwa Dardistown, kaunti ya Meath, ambayo upana wake kwa vipimo vya leo ni mita 3.3 hivi. Aliona wazi kwamba mnyama wa namna hiyo hayupo tena Ireland. Lakini hakukubali kwamba anaweza kuwa ametoweka duniani kote, kwa sababu aliamini Mungu hawezi kuacha kiumbe alichokiumba kipotee kabisa. Akahitimisha kwamba lazima bado yupo mahali, na akamwona kuwa ndiye musi, kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini.

Mimi namheshimu Molyneux. Alipima kwa uangalifu, akaeleza alichokiona, na akashika imani iliyokuwa ya wasomi wengi wa zama zake. Ilichukua zaidi ya miaka 100 mpaka Georges Cuvier wa Ufaransa, mwaka 1812, alipoonyesha kwa mifupa kwamba kulungu huyu si sawa na mnyama yeyote aliye hai. Mwaka 1799 Johann Friedrich Blumenbach alikuwa ameshampa jina la spishi. Kwa hiyo mnyama wa vinamasi vya Ireland alikuwa mmoja wa wale waliowafundisha wanadamu kwamba kuna viumbe vinavyokwisha. Babu aliliwaza jambo hilo kwa muda. Alikulia pwani, na alisema kwamba naye utotoni alifundishwa kuwa samaki wa baharini hawamaliziki.

5 Aprili

Rangi. Kwa wanyama wengi wa kale msanii hukisia tu. Kwa huyu tuna bahati ambayo ni nadra: watu waliomwona kwa macho yao walimchora. Wamo kwenye pango la Chauvet na la Cougnac, Ufaransa. Cougnac ndiko kulikonishika. Mchoraji aliutumia ukuta wenyewe, akafuata miteremko ya asili ya jiwe kuwa mwili wa mnyama, na nundu akaiweka wazi juu ya mabega, imeinuka, haina shaka. Michoro inaonyesha nundu ya rangi iliyokoza, na mstari mweusi unaoshuka kutoka huko kupita begani, huku mwili ukiwa mweupe zaidi. Nundu haiachi kisukuku, kwa kuwa ni nyama, mafuta na manyoya. Mifupa ilituambia ilipaswa kuwepo. Watu wa mapangoni wametuambia ilivyokuwa.

Tumepaka shingo na mabega rangi ya majani makavu iliyochanganywa na kijivu, nundu kahawia nzito inayokaribia weusi, na mstari wa begani. Nilifikiri nitaupaka mstari mwenyewe. Nimempa yule binti aliyeuliza habari za mama zao. Aliweka picha ya Cougnac pembeni, akavuta brashi mara moja kutoka juu hadi chini, akarudi nyuma kutazama, akaongeza giza kidogo pale mstari unapoungana na nundu. Sikugusa kitu.

Jambo dogo la kuongeza kwenye chakula chake: katika jino la kulungu huyu lililotoka chini ya Bahari ya Kaskazini, ambako zamani palikuwa nchi kavu, wataalamu walikuta chavua imenasa, nyingi ikiwa ya mipakanga na jamaa zake wa jamii ya alizeti. Tumetengeneza kitita cha mimea hiyo kwa karatasi, kitakaa karibu na mdomo.

12 Aprili

Lebo. Tumebishana kuliko tulivyobishana juu ya kitu kingine chochote.

Mzazi mmoja alileta sentensi aliyoisoma mahali: kwamba kulungu huyu alikufa kwa sababu pembe zake zilikua kubwa mno. Kauli hiyo ina umri mrefu. Kulikuwa na wasomi walioamini kwamba viumbe husukumwa na nguvu ya ndani kuelekea upande mmoja bila kuweza kusimama, hata kama mwisho wake ni kifo, na kulungu huyu ndiye aliyekuwa mfano wao wa kila siku. Nilikataa sentensi hiyo isiingie ukumbini, na nikaeleza sababu.

Vipimo vya Gould vilionyesha kwamba katika jamii hii, mwili ukiwa mkubwa pembe huongezeka kwa kasi kuliko mwili wenyewe. Ukiweka kulungu wa kila ukubwa kwenye mstari mmoja, Megaloceros anaangukia karibu na pale unapomtegemea. Mwaka 2005 Adrian Lister na wenzake walipata vinasaba kutoka kwenye mifupa yake na kuthibitisha kwamba ndugu yake wa karibu aliye hai ni yule kulungu madoadoa wa jenasi Dama, ambaye naye ana pembe za viganja. Kisha kuna hili lenye nguvu kuliko yote kwangu: mnyama huyu aliishi na pembe kubwa kwa mamia ya maelfu ya miaka, katika vipindi vingi vya joto na baridi. Mzigo unaoua haubebwi muda mrefu hivyo.

Na hakuisha Ireland. Mwaka 2004 Anthony Stuart na wenzake walichapisha umri wa mifupa kutoka Siberia ya magharibi uliopimwa kwa kaboni mionzi: kulungu hawa walikuwa hai huko hadi miaka 7,700 hivi iliyopita, miaka elfu kadhaa baada ya wale wa Ballybetagh. Walipopata malisho waliendelea kujenga pembe zao.

Lebo imekubalika hivi:

"Megaloceros giganteus, dume, msimu wa vuli. Kila mwaka alijenga pembe hizi kwa majani aliyokula na kwa mifupa yake mwenyewe, kisha akaziangusha. Nundu begani ilibeba kichwa. Hapa Ireland aliishi mpaka baridi iliporudi na malisho yakapungua, karibu miaka 12,900 iliyopita. Siberia aliishi mpaka karibu miaka 7,700 iliyopita. Unaruhusiwa kumgusa."

Babu ndiye aliyeiongeza sentensi ya mwisho, na akasisitiza iwe kwa herufi kubwa kuliko nyingine.

26 Aprili

Amesimama. Sehemu zote zimepita mlangoni, pembe zikiwa mbali na kichwa, na Babu amezifunga mbele ya watoto akiwaeleza kishina, mviringo na mstari wa kuachia. Kebo inashika. Tumeipima kwa kuning'iniza mfuko wa mchanga kwenye tawi la nje kabisa, kichwa hakikutikisika. Pembe zimefungiwa darini kwa waya wa usalama usioonekana, maana watoto wadogo watazivuta tu.

Kazi zilizobaki kwake ni ndogo: vanishi ya pili kwenye viganja, macho ya kioo ambayo yamechelewa kufika, na taa moja ya ubavuni ili mifereji ya mishipa ionekane vizuri.

Jike anaanza Jumamosi ijayo. Hana pembe, na nundu yake itakuwa ndogo kwa kuwa hakuwa na mzigo wa kushikilia kichwani. Tutamfanya mzima, kuanzia pua hadi mkia, na pembeni yake ndama wa masika. Fremu yake Babu ameshaipigia hesabu ya mabomba. Wenye magazeti ya zamani walete, na uzi wa katani tunao wa kutosha.